Gita Jembamba na Mwenye Gita

Wapo wazee mijini mwetu ambao hawasemi "gita kavu" kama wasemavyo vijana. Wao husema "galatoni". Kwa asili neno hilo ni jina la biashara. Mwaka 1926 Eric Gallo alifungua duka la santuri mjini Johannesburg, na biashara yake ilipokua ikawa na chapa ya santuri iitwayo Gallotone. Baadaye jina hilo hilo likabandikwa juu ya magita ya bei ya chini yaliyotengenezwa huko huko Afrika Kusini. Magita hayo yakapanda kaskazini mikononi mwa wachimba madini, askari, makarani na wachuuzi, na jina la chapa likageuka kuwa jina la kitu chenyewe, kama vile sabuni yoyote ya unga ilivyokuja kuitwa Omo.

Galatoni halikuwa gita la fahari. Mbao zake zilikuwa za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, rangi yake ilikuwa nzito, na nyuzi zake zilikaa juu mno ya shingo hata vidole vya mwanafunzi vikaota sugu kabla ya kujua wimbo mmoja. Hata hivyo lilikuwa na sifa moja kuu: mtu wa mshahara mdogo aliweza kulinunua, likawa lake. Gita la chapa hiyo ndilo lililokuwa la kwanza la John Lennon wa Uingereza, naye alikuwa nalo tarehe 6 Julai, 1957, siku alipokutana na Paul McCartney katika sherehe ya kanisa mjini Liverpool. Ndani yake palikuwa na kibandiko kilichotoa dhamana kwamba halitapasuka. Hatulitaji jambo hili kwa kuwa jina la mtu wa ng'ambo litawaongezea wazee wetu heshima, maana hawana haja nayo. Twalitaja kwa kuwa laonyesha kwamba chombo duni kilichomo mkononi chaweza kufanya kazi ambayo chombo bora kilichomo dukani hakiwezi kuifanya.

Leo galatoni amepata mrithi. Ni gita jembamba la mbao lililotiwa kinasa sauti ndani yake, ambalo laweza kupigwa kavu barazani au kuunganishwa na spika ukumbini. Vijana wengi walitamani, na walimu kadhaa wa kwaya na wa shule wametuuliza kama lafaa kununuliwa. Ili tulijibu swali hilo inavyostahili, yatupasa kwanza tukumbuke namna gita lilivyoingia mikononi mwa watu wetu, kisha likatoka, maana historia ya gita kwetu ni historia ya umiliki pia.

Tuanzie Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi kijana mmoja mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930, na wimbo wake "Masanga" ukatoka katika santuri za Gallotone, jina lile lile la magita. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba lilishika nyuzi nene na kutembeza mwendo wa chini, na shahada ikacheza juu yake sauti nyembamba zinazopishana na zile za chini kama watu wawili wanaojibizana. Mtu mmoja alitosha kuwa bendi. Aliimba kwa Kiswahili, na kwa hiyo alisikika na kufahamika toka migodi ya shaba mpaka Nairobi, mji ambao yeye mwenyewe pamoja na mwenziwe Edouard Masengo walipata kuishi na kufanya kazi. Katika pwani ya Kenya alikuwapo Fundi Konde, ambaye alitumika katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo waliolipa gita nafasi ya heshima katika wimbo wa Kiswahili.

Wapo wasomi wanaouliza: je, gita ni utamaduni wetu? Sisi twaona swali hilo limekawia. Msikilize Mwenda na vidole vyake viwili, kisha umsikilize mpiga malimba wa Kigogo anavyopishanisha sauti kwa madole gumba yake, ndipo uamue mwenyewe kama mkono ule ulijifunza Hispania. Mbao zilitoka ng'ambo, lakini mkono ulikuwa wa kwetu.

Basi katika zama hizo za gita kavu, mpigaji na chombo chake walikuwa kitu kimoja. Alilitundika begani, akapanda nalo gari moshi, akalala nalo. Akigombana na wenzake aliondoka nalo. Mambo yalibadilika umeme ulipoingia.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawaliangalii wanapozisifu bendi zetu za dansi. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu mwaka 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, na Salum Abdallah aliianza bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba mwaka 1948. Mwanzoni vyama hivyo viliweza kujitegemea kwa vyombo vichache visivyo na gharama kubwa. Lakini kufikia miaka ya sitini, dansi lilitaka gita la solo, la ridhimu na la besi, yote ya umeme, pamoja na mashine za kukuza sauti, vipaza sauti na spika. Mpigaji mmoja mmoja hakuweza kumudu shehena hiyo. Waliomudu walikuwa ni vyama, mashirika, majeshi, na wafanyabiashara wachache. Mwaka 1964 ikaanzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi wakawa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa likawa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi, na mwaka 1983 Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam likawa na Mlimani Park.

Hatusemi kwamba utaratibu huo ulikuwa mbaya. Uliwapa wanamuziki mshahara wa mwezi, jambo ambalo wenzao katika nchi nyingi hawakulipata, na ulituachia nyimbo katika maktaba ya Radio Tanzania ambazo taifa bado lazitegemea kama ghala la kumbukumbu. Lakini haki hailetwi kwa kusema nusu ya habari. Chombo kilikuwa cha mwajiri. Mpigaji aliyesifiwa Jumamosi usiku na mamia ya watu alilirudisha gita stoo Jumapili asubuhi, na nyumbani kwake hakuwa na gita hata la kujizoezea. Akihama, alihama na vidole vyake tu. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa mashuhuri wa Mlimani Park walihamia Orchestra Safari Sound, na wapenzi wa dansi wakabishana kwa muda mrefu juu ya uaminifu na tamaa. Katika mabishano ya namna hiyo ni nadra kusikia mtu akiuliza swali rahisi: mpigaji asiye na gita atabakije kuwa mpigaji, isipokuwa aende palipo na gita? Chama cha NUTA kilipogeuka kuwa JUWATA na baadaye OTTU, jina la bendi likageuka nacho, mpaka ikasimama kwa jina la Msondo Ngoma. Hata jina lilikuwa la mwenye vyombo.

Wakati mambo yakienda hivyo kwetu, mafundi wa nchi za viwanda walikuwa wakishughulika na tatizo lao jingine. Gita la umeme lilikwisha kupatikana Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hilo hutumia sumaku iliyozungushiwa waya, na uzi wa chuma ukitikisika juu yake huzaa mkondo mdogo wa umeme. Lakini sauti yake si sauti ya mbao. Aliyetaka sauti ya gita kavu ukumbini alilazimika kukaa mbele ya kipaza sauti bila kusogea, na sauti ilipoongezwa, ile iliyotoka katika spika ililirudia tumbo la gita, ikalitikisa, ikaingia tena katika kipaza sauti, mara ukumbi mzima ukajaa mlio wa kuvuma unaokera masikio. Kila aliyewahi kuhudhuria harusi yenye vyombo vya kuazima aujua mlio huo.

Dawa yake ilitoka katika sayansi ya zamani. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kipande cha namna hiyo kikiwekwa darajani, chini ya mfupa unaobeba nyuzi, kila mtikisiko wa uzi hukibana na kukiachia, na umeme unaotoka huufuata wimbo. Kampuni ya Ovation ya Marekani ilianzishwa mwaka 1966 na Charles Kaman, mhandisi wa helikopta aliyejua habari za mitikisiko kuliko mafundi wengi wa magita, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikiuza magita ya mbao yenye vinasa vya fuwele darajani. Ikabaki kulipunguza tumbo. Chombo kikiwa na hewa kidogo ndani yake hakitikiswi kwa urahisi na sauti nene za spika, na mpigaji anayesimama hulikumbatia bila kuinua bega. Kampuni ya Yamaha ya Japani, nchi ambayo bendi ya Morogoro Jazz ilipata kuizuru mwaka 1970 kwa Maonyesho ya Osaka, ikatoa mwaka 1987 magita membamba yaitwayo APX, yaliyokusudiwa jukwaa toka mwanzo. Kwanza yalikuwa ya wenye fedha, kisha bei ikashuka. Toleo la APX600 lilipotoka mwaka 2018 liliuzwa Marekani kwa dola 300 hivi, na viwanda vingine vingi vikaiga umbo hilo kwa bei ya chini zaidi.

Unene wa tumbo la gita hilo ni kati ya milimita 80 na 90, na gita la kawaida la kiwanda hicho hicho, aina ya FG800, lina kati ya milimita 100 na 118. Msomaji asizidharau milimita hizo. Humo ndimo makao ya sauti nene.

Sasa tuliseme wazi jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Gita jembamba likipigwa kavu hunyima dole gumba haki yake. Nyuzi nyembamba zasikika vizuri, tena kwa ukali wa kupendeza, lakini nyuzi nene hutoa sauti fupi isiyo na kifua. Mtu anayechapa nyuzi zote kwa pamoja kufuatisha kwaya huenda asiuone upungufu huo. Anayetaka kupiga kwa mtindo wa Katanga atauona siku ile ile, kwa kuwa nusu ya mtindo huo imo katika dole gumba. Twashauri basi kwamba mwalimu wa shule isiyo na umeme, anayetaka kufundisha chini ya mwembe, asinunue gita jembamba kwa kupenda umbo lake. Fedha zile zile zitampatia gita nene lisilo na mitambo, nalo litamfaa zaidi. Na yafaa vijana waelezwe kwamba betri iliyomo ndani ya gita haiongezi sauti yake hata kidogo likiwa halikuunganishwa na spika. Kazi yake ni kuitia nguvu mashine ndogo inayotengeneza sauti kabla haijasafiri kwenye waya. Tumeshuhudia kijana akibadilisha betri mara mbili kwa matumaini ya kusikika nje ya dirisha.

Lakini penye umeme na watu mia mbili, mambo hugeuka. Hapo lile kifua lisilokuwa nalo litapewa na spika, na ule wembamba uliokuwa upungufu huwa ngao dhidi ya kuvuma. Wepesi wake nao si jambo dogo kwa anayesimama saa nne katika mkesha. Kadhalika shingo za APX zimefupishwa kidogo, milimita 634 kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani badala ya 650, kwa hiyo nyuzi hulegea kidogo na mkono wa mwanafunzi hauchoki upesi.

Sisi tunalo gita la namna hii, la kiwanda ambacho hakuna haja ya kukitaja, tulilolinunua likiwa limekwisha kutumika. Kutokana na kukaa nalo miaka kadhaa twaweza kueleza namna ya kulihukumu la bei nafuu, maana bei nafuu si hukumu. Mnunuzi asianze na mng'aro wala kichwa chenye jina. Alishike kama bunduki ya kulenga shabaha, aangalie shingo kutoka kichwani hadi tumboni. Shingo yataka kuwa karibu nyofu, yenye mbonyeo mdogo sana katikati. Iliyopinda kama upinde yaweza kunyoshwa kidogo kwa chuma kilichomo ndani yake, lakini iliyojisokota haina dawa ya bei nafuu. Kisha apitishe kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za vile vyuma vya kukanyagia nyuzi zikikwaruza, kiwanda kilifanya haraka, au mbao zimekauka na kujikunyata.

Baada ya hapo auguse uzi kidogo tu, pasipo kuukandamiza, juu ya chuma cha 12, autoe mlio wake mwembamba kama wa kengele. Halafu aukanyage uzi huo huo hapo hapo. Sauti hizo mbili zapaswa kulingana. Zikitofautiana sana, gita halitapatana na nafsi yake hata likitengenezwa mara ngapi, na mwanafunzi atadhani kosa ni la sikio lake. Tunaliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote ya magita ya bei ya chini, kwa sababu mbaya wake hajifichui. Mkwaruzo huonekana, lakini gita lisilopatana huwafukuza wanafunzi kimya kimya.

Urefu wa nyuzi kutoka kwenye chuma hicho cha 12 usizidi sana milimita mbili na nusu. Tena atazame nyuma ya daraja. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi mchana na usiku, na mahali penye kushindwa kwanza ni pale. Karatasi ikipenya chini ya daraja, gundi imeanza kuachia.

Mwisho aliunganishe na spika palepale dukani, asikubali kuambiwa kwamba umeme umekatika na arudi nalo nyumbani kwa imani. Apige uzi mmoja mmoja kwa nguvu sawa. La kwetu, tulipolipata, lilikuwa na uzi wa sita uliofifia katika spika ingawa kavu ulisikika. Kinasa hakikuwa kimekufa. Ni mfupa wa daraja uliokuwa haukukaa sawasawa juu yake. Fundi mmoja seremala, mtengeneza vitanda asiyejua kupiga hata wimbo mmoja, aliusugua chini kwa msasa mpaka ukawa tambarare, na uzi ukarudi. Gharama haikufikia bei ya seti ya nyuzi. Sauti ya fuwele, hata ikiwa nzima, ina ukavu wake, na wengine huifananisha na kijiko juu ya bati. Kupunguza sauti nyembamba katika mashine husaidia, na kupiga karibu na tundu badala ya karibu na daraja husaidia zaidi.

Kuhusu mbao, tusiwe na majivuno ya bure. Ni kweli kwamba uso wa ubao mmoja mzima huimba vizuri zaidi ya uso wa tabaka, na kadiri unavyozeeka huzidi kufunguka. Lakini ubao mzima huogopa hewa. Gita la ubao mzima lililozoea unyevu wa Tanga likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi na kuachwa ukutani laweza kupasuka katika majira moja. Mbao za tabaka hustahimili. Kile kibandiko cha Gallotone kilichoahidi kwamba gita halitapasuka hakikuwa maneno matupu ya biashara. Magita mengi membamba ya bei nafuu yana tabaka hizo hizo, na kwa mwalimu anayehamishwa kila baada ya miaka michache huo ni wema. Nao mpingo wetu, ambao dunia huutafuta kwa zumari za kila namna na ambao mafundi wachache wa ng'ambo huuchonga migongo ya magita ya bei kubwa, haumo katika hesabu hii. Gita la mpingo linalopigwa na Mtanzania wa kawaida sisi bado hatujaliona.

Tumeona, hata hivyo, kijana wa bendi ya hotelini aliyefika kazini na gita lake jembamba mgongoni, akalichomeka katika mashine ya hoteli, akapiga mpaka saa sita. Meneja alipotaka kumpunguzia malipo, alichomoa waya, akalitia mfukoni mwake gita, akaaga kwa adabu. Siku ya tatu aliitwa kwa malipo yale ya awali.